Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kujifunza Kutoka kwa Faida na Hasara Zako za Mwanzo Sokoni

Kuna tatizo moja matreda wapya, yaani watu wanaonunua na kuuza sokoni kutafuta faida, wanarudi nalo kila mara. Mtu kaanza vizuri, akaunti ikapanda, alafu ndani ya siku chache imeshuka chini ya pale alipoanzia, anauliza nimekosea wapi. Ukimwambia nionyeshe tredi zako anakutumia picha ya salio. Sasa salio litakwambia nini? Linasema pesa imebaki kiasi gani basi, haliwezi kukwambia uamuzi gani uliileta na upi uliiondoa.

Mwongozo huu ni wa kukaa chini na tredi zako za mwanzo, zilizoshinda na zilizopoteza, uzipasue moja moja mpaka ujue nini cha kubeba na nini cha kuacha. Unafaa kwa forex, hisa, kripto, dhahabu, chochote. Unatakiwa uwe na angalau tredi 30 za pesa halisi zilizokwisha fungwa. Kama hujafika hapo, nenda hatua ya 2 uanze kuandika kuanzia tredi inayofuata, utarudi baadae.

Jambo moja lishike kabla hatujaanza: uamuzi mzuri unaweza kuleta hasara na uamuzi wa hovyo unaweza kuleta faida, na mtu mpya sokoni hana njia ya kutofautisha hivyo viwili kwa kuangalia pesa peke yake. Karibu kila hatua hapa chini inarudi kwenye hilo.

Vitu vya kuandaa

- Historia kamili ya akaunti kutoka kwa broka, faili la kupakua, sio skrinshoti. Iwe na muda wa kuingia, muda wa kutoka, bei, saizi, komisheni na swopu (gharama ya kuacha tredi wazi usiku).
- Spredshiti yoyote, hata ya bure ya kwenye simu, ila kompyuta ni rahisi zaidi.
- Chati za kipindi hicho hicho.
- Kalenda ya habari za uchumi ya tarehe hizo, maamuzi ya riba, takwimu za ajira, mfumuko wa bei.
- Muda wa kutosha soko likiwa limefungwa. Kwa wa kripto ambako soko halifungwi, funga wewe programu ya kutredi.

Usifanye zoezi hili ukiwa na tredi iliyo wazi, maana utasoma historia yako kwa macho ya kuitetea hiyo tredi.

Hatua ya 1: Toa kila kitu, usichague

Pakua historia yote, pamoja na ile akaunti ya kwanza uliyoiunguza na ukaamua kuisahau. Watu wengi wanaanza kuhesabu kuanzia "nilipoanza kuwa siriasi" ambayo mara nyingi ni siku baada ya hasara kubwa, yaani wamelikata somo lenyewe wakabaki na kipande kizuri.

Tredi za demo (akaunti ya mazoezi isiyo na pesa halisi) weka karatasi ya pembeni. Usizichanganye. Kwenye demo mkono hautetemeki na oda inajazwa kwa bei nzuri kuliko hali halisi, kwahiyo zinakuonyesha kama unaelewa mfumo wako, hazikuonyeshi kama unaweza kuutekeleza.

Umefaulu hapa kama jumla ya spredshiti yako, ukishatoa komisheni na swopu, inalingana na mabadiliko ya salio ukiondoa pesa ulizoweka na kutoa. Ikiwa hailingani kuna tredi umeiruka, itafute.

Hatua ya 2: Badilisha pesa kuwa R

R ni kiasi ulichokubali kupoteza kwenye tredi husika kama stop losi (bei uliyoiweka tredi ijifunge yenyewe ukiwa na hasara) itagongwa. Ukiingia ukiwa tayari kupoteza 10 na ukatoka na faida ya 20, hiyo ni +2R. Ukipoteza 10 ni -1R. Ukipoteza 25 wakati ulipanga 10 ni -2.5R, na namba hiyo tayari ina habari nyingi.

Kwanini tusitumie pesa tu? Kwasababu saizi zako za mwanzo zimebadilika badilika, leo loti (kipimo cha ukubwa wa tredi) ndogo kesho kubwa, na faida ya tredi kubwa inafunika hasara tano za tredi ndogo. R inaziweka zote kwenye kipimo kimoja.

Ona mfano wa mstari mmoja uliojazwa vizuri, namba ni za kuonyeshea tu:

*EUR/USD, kununua 1.0850. Stop losi 1.0820, lengo 1.0910. R ni pipsi 30 (pipsi moja hapa ni 0.0001 ya bei). Sababu: bei imerudi kwenye eneo ilipoanzia kupanda, mshumaa wa saa (alama ya chati inayoonyesha mwendo wa bei ndani ya saa moja) umefunga juu yake. Nitajua nimekosea bei ikifunga chini ya 1.0820. Ilichofanya: ilishuka mpaka 1.0838, ikapanda, nikatoka 1.0865. Matokeo +0.5R. Baada ya kutoka ilifika 1.0910.*

Soma tena mwisho wa huo mstari. Mpango ulikuwa +2R, mkono ukachukua +0.5R. Kwenye salio hii ni tredi ya kijani, mtu amefurahi. Kwenye daftari ni tredi ambayo robo tatu ya faida iliachwa mezani kwasababu bei ilishuka pipsi 12 kwanza ikamtisha. Andika na ile bei ya chini iliyofikiwa, 1.0838, itakusaidia hatua ya 5.

Kama tredi haikuwa na stop losi kabisa, usibuni R. Andika "haina R" uendelee. Zikifika nusu ya tredi zako zote, somo lako la kwanza ni hilo na huna haja ya kutafuta lingine kwa sasa, ruka moja kwa moja hatua ya 7.

Hatua ya 3: Ficha safu ya faida, alafu toa hukumu

Hapa ndo penyewe, na ndo hatua watu wanaifanya juu juu. Ficha kabisa safu ya matokeo. Ficha na chati baada ya muda wa kuingia kama unaweza. Kila tredi iulize maswali manne:

1. Sababu ya kuingia ilikuwepo kabla ya kubonyeza, au niliitunga baadae?
2. Stop losi iliwekwa wakati wa kuingia na haikusogezwa kwenda mbali?
3. Saizi ilikuwa ndani ya kikomo changu?
4. Nilitoka kwa mujibu wa mpango?

Ndiyo nne, andika SAFI. Hapana hata moja, andika CHAFU. Usiweke "safi kiasi", ukifungua huo mlango kila tredi iliyoshinda itapita hapo.

Ni muhimu matokeo yafichwe kwasababu ukishajua tredi ilishinda kichwa kinaanza kukumbuka sababu ambazo hazikuwepo, na ikipoteza kinakumbuka wasiwasi ambao hukuwa nao. Hakuna mtu mkweli kiasi cha kuikwepa hiyo kwa nia tu, lazima uifiche kwa mkono.

Ukimaliza zote, fungua safu. Sasa una makundi manne: safi iliyoshinda, safi iliyopoteza, chafu iliyopoteza, chafu iliyoshinda.

Safi iliyoshinda usiiguse. Safi iliyopoteza ni gharama ya biashara, na kosa kubwa la wanaoanza ni kubadilisha mfumo kwasababu ya hizi. Chafu iliyopoteza inauma lakini angalau inafundisha kitu sahihi.

Ya kuogopa ni ile chafu iliyoshinda. Chukua mtu kanunua, bei ikamwendea kinyume, inakaribia stop losi, akaiondoa. Ikashuka zaidi, akaongeza loti nyingine ili "kushusha wastani" wa bei aliyonunulia. Usiku mzima hajalala vizuri, asubuhi soko limegeuka, kafunga na faida kidogo. Atakwambia amejifunza uvumilivu. Alichojifunza kiukweli ni kwamba kuondoa stop losi kunalipa, na atarudia, na kutalipa tena, maana bei mara nyingi huwa inarudi. Ndio sababu tabia hii inaua watu wenye asilimia nzuri sana za ushindi: mara tisa inarudi, mara ya kumi soko linachukua mwelekeo mmoja bila kugeuka na tredi hiyo moja inafuta zile tisa na mtaji juu.

Kwahiyo kila chafu iliyoshinda iwekee alama nyekundu, nyekundu kuliko hasara.

Umefaulu kama una angalau tredi kadhaa zenye faida ambazo umeziandika CHAFU. Kama zote zilizoshinda ni safi na zote zilizopoteza ni chafu, ulichungulia. Rudia.

Hatua ya 4: Zihoji faida kwanza

Watu huanza na hasara. Mimi nasema anza na faida, maana hasara inajihoji yenyewe, haikuachi ulale, ila faida hakuna anayeiuliza maswali na ndio inayokufanya uongeze saizi.

*Ondoa tredi kubwa kuliko zote.* Tuseme tredi 40 zimekupa jumla ya +6R, na moja kati yake ilikuwa +9R. Bila hiyo uko -3R. Haimaanishi ile +9R ni bahati, kuna mifumo halali inayoishi kwa tredi chache kubwa, ila unatakiwa ujue kama ulikuwa umepanga kuishikilia mpaka +9R au ulikuwa umesahau kuifunga.

*Linganisha na soko lenyewe.* Kama tredi zako karibu zote ni za kununua na soko lilikuwa linapanda muda wote, jiulize ungepata ngapi kwa kununua mara moja na kukaa. Brad Barber na Terrance Odean walichapisha mwaka 2000 utafiti wa kaya 66,465 za Marekani zilizokuwa na akaunti kwa broka mmoja kati ya 1991 na 1996. Zile zilizotredi sana zaidi zilipata wastani wa 11.4% kwa mwaka wakati soko lilitoa 17.9%. Soko lilikuwa linapanda, walipata faida, na bila shaka wengi walijiona wako vizuri, kumbe kubonyeza bonyeza kulikuwa kunawapunguzia.

*Linganisha jumla ya pesa na jumla ya R.* Kipimo hiki kinasahaulika na ni kizuri sana. Ikiwa pesa ni chanya lakini R ni hasi, maana yake uamuzi wako kwa wastani unapoteza, ila ilitokea zile tredi ulizoweka saizi kubwa zikashinda. Hiyo haitadumu. Ikiwa R ni chanya na pesa ni hasi, una mfumo unaofanya kazi na saizi zinazouharibu, na hiyo ni habari njema kuliko inavyoonekana, maana saizi unaweza kuirekebisha leo leo.

Onyo: usiongeze saizi wala mtaji kwasababu ya wiki nzuri kabla hujafika hatua ya 8.

Hatua ya 5: Hasara, zigawe kwa chanzo

Chukua zile -R zote uzipe chanzo kimoja kimoja.

Gharama ya kawaida: tredi safi, stop losi ikagongwa, -1R. Hakuna cha kufanya.

Utekelezaji: hasara kubwa kuliko -1R. Ulisogeza stop losi, uliingia saizi kubwa, ulichelewa kufunga. Zijumlishe peke yake. Mara nyingi treda mpya akifuta hizi tu, akaunti yake inakaribia sifuri au inavuka.

Kisasi: tredi iliyofunguliwa muda mfupi baada ya hasara, bila sababu iliyoandikwa. Ili kuzipata panga tredi kwa muda, angalia pengo kati ya kufunga hasara na kufungua inayofuata. Ukikuta mapengo ya dakika mbili tatu na saizi imeongezeka, hiyo hapo.

Mpango wenyewe: tredi safi zinapoteza mfululizo kwa namna moja. Hapa ndo zile bei za kinyume ulizoandika zinafanya kazi. Ikiwa tredi zako zinazoshinda kwa kawaida hazishuki zaidi ya -0.5R kabla ya kupanda, na zinazopoteza zinapita hapo moja kwa moja, kuna kitu cha kujaribu kuhusu mahali pa stop losi. Ikiwa bei inagonga stop losi kwa pipsi chache alafu inaenda kwenye lengo, huenda unaingia mapema. Neno ni *kujaribu*, usibadili kwa tredi sita.

Tukio: habari au mruko wa bei. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliondoa ghafla kiwango cha chini cha faranga 1.20 kwa euro ilichokuwa inakilinda, bei ikaporomoka ndani ya dakika, na stop losi za watu zikajazwa mbali kabisa na pale zilipowekwa, wengine wakabaki na deni na kuna broka waliofilisika. Kwahiyo -1R sio ahadi ya soko. Fungua kalenda yako uone ni hasara ngapi ziliangukia dakika za habari kubwa ambayo ilikuwa inajulikana siku kadhaa kabla.

Alafu fanya kitu kimoja cha ziada, chukua wastani wa muda ulioshikilia tredi zilizoshinda na wastani wa zilizopoteza. Odean alichunguza akaunti 10,000 na matokeo yakatoka 1998, akakuta wawekezaji wanauza haraka zinazoshinda na kung'ang'ania zinazopoteza. Ukikuta ushindi wako unakaa dakika 20 na hasara zinakaa siku mbili, wakati mpango wako hausemi hivyo popote, una tabia hiyo hiyo na sasa unayo kwa namba.

Hatua ya 6: Hesabu inayoamua

Chukua asilimia ya ushindi zidisha kwa wastani wa ushindi kwa R, toa asilimia ya kupoteza zidisha kwa wastani wa hasara kwa R.

Treda A anashinda 60%, ushindi wake wastani 0.8R, hasara wastani 1.5R. Ni 0.48 toa 0.60, yaani -0.12R kila anapobonyeza. Treda B anashinda 40% tu, ushindi 2R, hasara 1R. Ni 0.80 toa 0.60, +0.2R. A ndo utamkuta anafurahi mara nyingi zaidi kwa wiki, na ndo anayeisha.

Sasa tahadhari kubwa. Kwa tredi 30, asilimia ya ushindi unayoiona inaweza kuwa mbali na ya kweli kwa pointi kama 18 juu au chini. Yaani ukiona 60%, ya kweli inaweza kuwa 45%. Kwa tredi 100 inapungua mpaka kama pointi 10. Ndio maana hatua ya 3 ina uzito kuliko hii: usafi wa tredi unaweza kuuhukumu hata kwa tredi 30, faida ya mfumo bado.

Na saizi ndio inayoamua kama utafika hizo 100. Mfumo wa kushinda nusu kwa nusu una uwezekano wa zaidi ya 80% kukupa hasara tano mfululizo mahali fulani ndani ya tredi 100. Hasara kumi mfululizo ukihatarisha 1% ya salio kila mara, mtaji wa 1,000 unabaki kama 904, na kurudi unahitaji faida ya karibu 11%. Ukihatarisha 10%, unabaki na kama 349 na unahitaji kupata 187% ili urudi pale pale ulipoanzia.

Hatua ya 7: Kanuni moja, sio kumi

Ukifika hapa utakuwa na orodha ndefu ya kurekebisha na hamu ya kurekebisha vyote Jumatatu. Usifanye hivyo. Ukibadili vitu vitano, matokeo yakibadilika hutajua kipi kimefanya kazi. Chagua chanzo kilichokula R nyingi zaidi, kitungie kanuni moja ambayo mtu mwingine akiiangalia historia yako anaweza kusema umeifuata au hujaifuata.

"Nitakuwa na nidhamu" haipimiki. "Stop losi naweka kwenye oda ile ile ya kuingia, naweza kuisogeza kuelekea faida tu" inapimika. "Nikifika -2R kwa siku nafunga programu mpaka kesho" inapimika. "Baada ya hasara sifungui tredi mpaka mshumaa wa saa unaofuata ufunge" inapimika.

Tredi 30 zinazofuata fanya kwa hatari ya 0.5% ya salio, na unachohesabu ni mara ngapi umeifuata kanuni. Faida itakuja kuhesabiwa baadae. Umefaulu kama umeifuata kwenye 28 kati ya 30, hata kama pesa imepungua kidogo. Ukishindwa, usiongeze kanuni ya pili, fanya ya kwanza iwe rahisi au ikabidhi kwa mashine, mfano oda inayobeba stop losi yenyewe, au kikomo cha hasara cha siku kama jukwaa lako linacho.

Hatua ya 8: Rudia mpaka 100, alafu uamue

Kila tredi 30 rudi hatua ya 3, ficha safu, hukumu upya, kanuni mpya moja. Ukifika tredi 100 ambazo nyingi ni SAFI, hapo fanya hesabu ya hatua ya 6 kwa zile safi peke yake.

Ikitoka chanya baada ya gharama zote, na inabaki chanya hata ukiondoa tredi moja kubwa, unaweza kupanda kutoka 0.5% kwenda 1%, sio zaidi, na unashuka tena ukipoteza 10% ya salio kutoka kilele chake.

Ikitoka hasi wakati utekelezaji ni safi, mfumo wenyewe haulipi na hakuna kiasi cha saikolojia kitakachoubadilisha. Rudi demo na wazo jingine au toa mtaji uliobaki. Hilo la pili naliandika nikimaanisha: mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilitoa takwimu 2018 kwamba kati ya 74% na 89% ya akaunti za wateja wa kawaida wa CFD (mikataba ya kutredi bei bila kumiliki kitu chenyewe) hupoteza pesa. Mtu anayefika tredi 100 kwa hatari ya 0.5%, akaona kwa ushahidi wake mwenyewe kwamba haimlipi, na akatoka na sehemu kubwa ya mtaji wake mkononi, zoezi hili limemfanyia kazi sawa na yule aliyebaki.